Jasho la mtoto mmoja, majibu matatu: kisa cha elektrodi yetu ya kloridi

Mtoto ni mmoja, jasho ni lake mwenyewe, elektrodi (kile kijiti kinachopima kloridi, yaani chumvi ya jasho) ni ileile. Mara ya kwanza tukatoa 62 na 67, namba moja kwa kila mkono, baada ya wiki mbili tukatoa 41 na 43, na mwisho kabisa 27 na 29. Kama hujawahi kufanya kipimo hiki utasema si namba tu hizo, zinapishana kidogo, lakini kwenye kloridi ya jasho hizo ni hukumu tatu tofauti kabisa. Milimoli 60 kwa lita na kuendelea unamwambia daktari huyu mtoto ana dalili zote za sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu na wa tumbo kuwa mzito), kati ya 30 na 59 hujui ushike lipi, chini ya 30 ugonjwa huo hauelekei kuwepo. Yaani ndani ya mwezi mmoja na nusu tulimtoa mtoto huyu kwenye ugonjwa wa maisha, tukamweka katikati, tukamrudisha nyumbani. Na mwili wake haukubadilika chochote.

Ni hospitali moja hapa Dodoma, sitaitaja, na nimebadilisha mambo madogo madogo ya familia ili wasijulikane. Mi ni mtu wa maabara. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaopima kloridi kwa elektrodi, maana tulipoteza muda mwingi tukitafuta mchawi sehemu ambayo hayupo.

Mtoto ana miaka minne, anatokea upande wa Bahi, aliletwa na bibi yake. Kifua kila baada ya miezi miwili, nimonia amelazwa nazo si mara moja, choo chake kina mafuta, uzito hausogei. TB ilishapimwa, virusi vilishapimwa, seli mundu ilishapimwa, vyote hakuna. Bibi ndiye alisema lile neno lililomfanya daktari wa watoto ainuke kwenye kiti: "Dokta, huyu ukimbusu paji la uso ni kama umelamba jiwe la chumvi." Sasa hapo ieleweke, ilikuwa Oktoba, na Dodoma ya Oktoba kila mtu ukimlamba ni chumvi, jua limewaka tangu saa mbili asubuhi na upepo unakausha jasho kabla hujalisikia. Lakini ni kweli pia kwamba ugonjwa huu ulianza kutambulika kwa jasho kwa namna hiyohiyo, joto kali lililopiga New York mwaka 1948 liliwaangusha watoto wenye ugonjwa huu kwa kuishiwa chumvi, na daktari Paul di Sant'Agnese akafuatilia mpaka mwaka 1953 akaonyesha kwamba jasho lao lina chumvi nyingi kuliko la watoto wengine. Kwa hiyo bibi hakusema kitu cha kupuuzwa.

Kuna watu watasema sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa wazungu, mnaupimia nini Dodoma. Si kweli. Kwetu Afrika upo, tena kuna badiliko la jeni, 3120+1G>A, ambalo linaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na halifanani na lile la F508del linalotawala Ulaya. Haupatikani kwa sababu hautafutwi, na mtoto wa hivi kwetu anaishia kuitwa wa nimonia au wa utapiamlo. Daktari alikuwa na haki ya kuomba kipimo.

Tunavyopima ni hivi. Tunatumia njia ya Gibson na Cooke ya mwaka 1959, unaweka pilokapini kwenye kigasha, ule upande wa ndani, unapitisha umeme mdogo wa milianpea chache kwa dakika tano, dawa inaingia kwenye ngozi inaziamsha tezi za jasho, halafu unasafisha ngozi, unaweka gozi (kitambaa cha bandeji) iliyopimwa uzito, unaifunika kwa plastiki na kuibana pembeni isipumue, unasubiri dakika 30. Ukitoa unapima uzito tena, tofauti ndiyo jasho, na kwa gozi usikubali chini ya miligramu 75. Mtoto wetu alikuwa anatoa kama 120, jasho zuri tu. Gozi inaingia kwenye kichupa chenye mililita 2 za maji ya potasiamu naitreti (chumvi isiyo na kloridi), unatikisa, unaiacha chumvi itoke, kisha unapima kwa elektrodi ya kloridi. Wenye uwezo wana mashine ya kutaitreti kwa fedha inayohesabu kloridi moja kwa moja, sisi hatuna, sisi tuna elektrodi iliyonunuliwa kwa ajili ya kupima maji ya visima kwenye mradi fulani ikabaki kabatini. Ni elektrodi nzuri, sina ugomvi nayo.

Mara ya kwanza alipima dada mmoja mwenzangu, mtu makini kuliko sisi wote, na hili neno makini lishike vizuri, utaliona mbele. Mkono wa kulia 62, wa kushoto 67. Mikono miwili ikipishana si zaidi ya 15 kwa majibu ya juu ya 60 inakubalika, kwa hiyo tulijiona tuko sawa. Daktari kwa busara yake hakumwambia bibi kitu, alisema irudiwe siku nyingine, na ndivyo inavyotakiwa, jibu la juu halisimami lenyewe. Mara ya pili akapima kijana wa fildi mimi nikiwa pembeni, siku hiyo foleni ya malaria ilikuwa imefika mlangoni na kijana alikuwa na haraka. 41 na 43. Nayo mikono imekubaliana vizuri kabisa.

Daktari akanipigia simu. "Kaka, mtoto mmoja, majibu mawili, mi nishike lipi?" Nikamwambia dokta nipe siku tatu. Zikawa wiki mbili na zaidi.

Kitu cha kwanza kila mtu alikitaja kilikuwa kukauka kwa jasho. Na mimi nililishika hilo kwa nguvu zote maana ni jambo ambalo Dodoma linakuingia akilini lenyewe, nguo unaanika saa nne saa tano umeshavaa. Jasho likipoteza maji kabla ya kupimwa uzito, kloridi inabaki yote lakini uzito umepungua, kwa hiyo namba inapanda. Nikachukua gozi, nikailowesha miligramu 120 za kontroli (maji ya majaribio ambayo kloridi yake inajulikana), nikaiweka wazi kwenye mizani nikiangalia, dirisha limefunguliwa kama kawaida yetu. Dakika moja ikala miligramu 9. Hiyo ni karibu asilimia 7 au 8, yaani jasho la 28 linasomeka 30, la 55 linakaribia 60. Si kidogo, na kweli tulikuwa tunatoka na gozi kwenye chumba cha mtoto tunapita korido mpaka mizani ilipo. Lakini haitoshi. Asilimia 8 haitoi 41 ikapeleka 62 hata ukibeba gozi kwa miguu mpaka Chamwino, ingeshakauka yote njiani. Kitu kingine hapa wengi wanachanganya, baada ya kupima uzito gozi ikikauka haina madhara, kloridi yote bado imo na unaiosha kwenye mililita zako 2. Hatari yote iko kati ya mkono na mizani. Tukahamishia mizani kwenye chumba cha mtoto, tukafunga dirisha na kuzima feni, gozi inatoka kwenye plastiki inaingia kichupa chenye kifuniko ambacho nacho kimeshapimwa uzito. Dogo hilo limeisha.

La pili nililipata kwa bahati. Nilikuwa nanawa mikono nikasikia ladha ya maji yetu mdomoni, mkazi yeyote wa hapa anayajua maji ya bomba ya baadhi ya mitaa yetu, sabuni haitoi povu na birika linajaa ukoko mweupe, maji ya kisima haya yana chumvi yake. Nikajiuliza, baada ya pilokapini ngozi ya mtoto tunaisafisha kwa nini? Nikaenda kuuliza. Kwa pamba na maji ya bomba. Maelekezo yanasema maji safi yaliyotolewa madini, lakini chupa ilikuwa imeisha na mtu akaona maji ni maji. Nikayapima, bomba letu siku ile lilikuwa na milimoli 8 kwa lita. Fanya hesabu mwenyewe: mikrolita 60 zikibaki kwenye ngozi zikakauka, hiyo ni karibu mikromoli nusu ya kloridi, na jasho lako ni mililita 0.12, unaongeza 4 kwenye jibu bila mtu kujua. Na hii haiongezi kwa asilimia kama kukauka, hii inaongeza namba ileile kwa kila mtu, awe mzima au mgonjwa. Hapo ndipo kichwa kilianza kufunguka kidogo, maana nilianza kuuliza swali ambalo ningeanza nalo: hilo kosa letu linazidisha au linajumlisha?

Elektrodi sikuigusa mpaka hapo kwa sababu ilikuwa na vyeti vyote vya tabia njema. Kila asubuhi tunafanya kalibresheni, yaani tunaipanga elektrodi kwa standadi tunazojua kloridi yake, za 1, 10 na 100, slopu (mteremko) inatoka milivolti 58 au 59 kila kloridi ikiongezeka mara kumi, ambayo kwa joto la chumba chetu ndiyo namba ya kwenye vitabu. Baada ya hapo kontroli tatu, 20, 50 na 100, zote ndani. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo ukutani unamwangalia mtu anayeilaumu elektrodi kama mgonjwa. Kumbuka lakini elektrodi hizi zinahesabu kwa milivolti, na milivolti 1 tu ya kosa ni asilimia 4 ya jibu, kwa hiyo ukipotea milivolti 5 umelitoa jasho la 50 ukalifikisha 60 na mteremko wako bado mzuri.

Siku ya tisa hivi niliamua kontroli ile ya 20 nisiipime kwenye bika (kikombe kikubwa cha maabara). Nikachukua mikrolita 120, nikazitia kwenye gozi, gozi kwenye kichupa, mililita 2 za naitreti, nikatikisa, nikaingiza elektrodi, yaani nikaichukulia kama ni mtoto. Nikawasha saa ya simu nikaandika kila dakika. Dakika ya kwanza 24. Ya pili 28. Ya tatu 33. Nikasema labda haijatulia. Ya nne 37. Ya tano 41. Ikaendelea kupanda kama maji ya kisima yanavyojaa ndoo, dakika ya saba 48, kwenye kontroli ya 20! Nikafanya ya 50, dakika ya saba ikaleta 78. Ya 100 ikaleta 129. Ona hapo: zote zimeongezeka kama 28 au 29. Haizidishi, inajumlisha, na inajumlisha kwa dakika.

Maana yake kuna kloridi inaingia kwenye kichupa kutoka mahali. Na kwenye kichupa kuna vitu viwili tu, gozi na elektrodi. Nikaweka naitreti tupu bila gozi. Ikapanda vilevile.

Asiyejua hadithi hii inakoelekea ni mtu ambaye hajawahi kujaza elektrodi. Elektrodi yetu ni ile ya pamoja, upande mmoja una kidonge cha silva kloridi kinachohisi, upande wa pili ni rejea (upande wa kulinganishia), na rejea ina vyumba viwili. Cha ndani kina potasiamu kloridi, cha nje kinatakiwa kiwe na potasiamu naitreti, kwa sababu kile cha nje kinavuja. Kinavuja kwa makusudi, ndivyo rejea inavyofanya kazi, tone dogo sana linatoka muda wote ili umeme upite. Ukiweka naitreti nje inayovuja ni naitreti, haimdhuru mtu. Ukiweka kloridi nje, unachuruzisha kloridi kwenye sampuli unayoipima kloridi. Kwenye kabati letu kuna chupa mbili, moja ya naitreti ya elektrodi hii, nyingine ya potasiamu kloridi ya molari 3 (milimoli 3000 kwa lita) ya mashine ya pH, zote maji meupe, zote zimeandikwa maneno yaleyale kwa Kiingereza, kwamba ni ya kujazia elektrodi. Ile ya naitreti iliisha Agosti. Aliyejaza elektrodi mwezi Septemba ni mimi.

Nilikaa kwenye stuli kwa muda. Halafu nikafanya hesabu ambayo mpaka leo nawaandikia vijana kwenye ubao. Rejea ya namna hii ikivuja mikrolita 10 kwa saa, ambayo ni kitu cha kawaida, dakika 6 ni mikrolita 1. Mikrolita 1 ya molari 3 ni mikromoli 3 za kloridi. Kwenye bika yetu ya kalibresheni yenye mililita 50 mikromoli 3 ni sawa na milimoli 0.06 kwa lita, kwenye standadi ya 10 hutaiona na kwenye ya 100 ndiyo kabisa, ya 1 ilisogea kidogo tu na tuliisoma haraka. Lakini kwenye kichupa jasho ni mililita 0.12, ukigawa mikromoli 3 kwa hiyo 0.12 unapata 25. Milimoli 25 kwa lita za bure! Zaidi ya nusu ya safari ya kutoka kwa mtoto mzima mpaka kwa mgonjwa, na haitoki kwa mtoto, inatoka kwenye chupa yangu.

Na hapo ndipo umakini wa yule dada unarudi. Yeye anasubiri elektrodi itulie, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo ilivyo sahihi, ila hii ilikuwa haitulii, kwa hiyo alisubiri dakika saba na nane. Kijana wa fildi mwenye haraka alisoma kwenye dakika ya pili akaondoka. Mkosaji wetu alikuwa anamwadhibu aliyefanya kazi vizuri. Ukichukua 28 ya kweli, ongeza mbili za kukauka, nne za bomba, halafu mvujo wa dakika saba, unaangukia kwenye 63. Fanya hivyohivyo kwa dakika mbili unapata 42. Sikuamini zilivyokaa, nikarudia kwa kalkuleta.

Mikono kukubaliana nayo haikutusaidia chochote. Watu wanaipenda sana ile sheria ya kupima mikono miwili, na ni nzuri, inakamata gozi iliyopumua au jasho lililomwagika. Lakini mikono yote miwili inaingia kwenye elektrodi ileile mbovu kwa muda uleule, kwa hiyo inakubaliana kwenye uongo. Na kontroli zetu zilikuwa zinapita kwenye mlango wa mbele, bika kubwa, wakati sampuli zinaingia mlango wa nyuma. Kontroli isiyopita kwenye gozi, kichupa, mililita zilezile na dakika zilezile inakuambia habari za bika.

Tulimwaga kile chumba cha nje, tukakisuuza kwa naitreti mara tano sita maana kloridi inajificha kwenye kiungo, tukajaza mpya, tukaiacha usiku kucha ndani ya naitreti. Asubuhi kontroli kwa njia ya gozi: 21, 51, 99, na dakika ya saba haina tofauti na dakika ya pili. Nilipiga picha kioo cha mashine nikamtumia mke wangu, akajibu "hii ni nini", sikumlaumu.

Bibi alirudi na mjukuu siku ya Alhamisi, nikamsalimia "mbukwenyi" akacheka lafudhi yangu, mi si Mgogo. Alishachoka, safari ya tatu hiyo kwa basi, na mtoto alikuwa anajua kabisa kile kitu cha pilokapini kinawasha mkono akaanza kulia mlangoni. Nilimwambia bibi ukweli, kwamba kosa lilikuwa kwenye chombo chetu na mtoto hahusiki. Akasema, "Basi pimeni vizuri leo, mimi kuku nimewaacha." 27 na 29.

Daktari hakufunga faili moja kwa moja. Chini ya 30 inapunguza sana uwezekano lakini kuna mabadiliko machache ya jeni yanayoacha jasho likaonekana la kawaida, na pia mtoto alikuwa mwembamba, utapiamlo wenyewe unaweza kupandisha kloridi, kwa hiyo kama ingekuwa juu kidogo tungesubiri anenepe kwanza tupime upya. Akaamua kufuata njia nyingine ya choo kile cha mafuta na kifua, mambo yake hayo sio yangu, na akaniomba nimwandikie barua ya kufuta majibu mawili ya kwanza ili yasibaki kwenye faili mtu mwingine akaja kuyakuta miaka ijayo. Hiyo barua niliandika mara tatu. Si rahisi kuandika kwamba 62 ilikuwa chumvi yako.

Kuna mwenzangu alishauri tuachane na gozi tukanunue zile elektrodi za kubandika moja kwa moja kwenye ngozi, hakuna kichupa hakuna mvujo kwenye mililita 2. Nilimkatalia. Hizo zilijaribiwa zamani na hazishauriwi kwa kutoa jibu la ugonjwa huu, maana hujui jasho ni kiasi gani na linakauka pale pale pembeni mwa elektrodi, kwa hewa ya hapa kwetu ndiyo ungesoma maajabu.

Chupa ya kloridi ya pH sasa inakaa kabati la chumba kingine kabisa na imezungushiwa plasta nyekundu. Elektrodi ikitoka kwenye chumba chake inawekwa kwanza kwenye mililita 2 za naitreti tupu kwa dakika kumi, kama inapanda hatupimi mtoto. Yule dada bado anasubiri dakika saba zake, na sisi wengine tumelazimika kusubiri naye.